Dole Gumba Langu na Anwani ya Wifi

Jumatatu, 3 Machi

Ujumbe umeingia kwenye simu. Benki ya nyumbani! Binti yangu kanisomea amesimama, koti mkononi, kachelewa kazini. Kila mwenye akaunti athibitishe anwani anakoishi kabla ya Ijumaa jioni. Asiyethibitisha, akaunti inazuiwa.

Akaunti yangu! Ndiyo inayopokea kodi ya vyumba vyangu viwili, nilivyojenga kwa kufua nguo za watu. Ndiyo nauli yangu ya kurudi. Huku ugenini nimekuja kulea wajukuu, sikuja kuzikwa. Na siku nikitaka kuondoka, sitamwomba mkwe nauli. Bora nitembee.

Binti kasema jambo dogo hilo, niwaambie tu kwamba naishi kwake. Niseme! Benki ikijua nimevuka mipaka itasema nimetoroka. Kaniambia mficha maradhi kilio humuumbua. Nikamjibu mimi siumwi, aende kazini.

Mpango ninao. Nitaandika anwani ya wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu.

Jumanne, 4 Machi

Nimempigia wifi. Wifi hatoi hata chafya bure. Kataka sufuria yangu kubwa. Nimekubali. Kuazima, si kupewa! Kacheka. Sikupenda kile kicheko.

Fomu ya benki nimejaza mwenyewe. Miezi minne ya darasa la wazee, pale juu ya duka la viatu, si mchezo. Chini nikatia saini. Saini hiyo! Ina mkia kama tausi. Maisha yangu yote nilikuwa nachovya dole gumba kwenye wino kama mtoto anayeiba asali. Basi tena.

Binti kagoma kuituma. Nikamgeukia mumewe. Mkwe hathubutu kumkatalia mama mkwe. Nguvu hiyo naitunza kwa dharura. Kaipiga picha, kaituma, kaniomba nisimtaje.

Jumatano, 5 Machi

Karani wa benki kapiga simu. Msichana, sauti tamu. Kauliza mimi nani. Nikajitaja. Akasema haiwezekani: faili linasema mwenye akaunti hajui kuandika, alama yake ni dole gumba. Sasa hii saini yenye mkia ni ya nani? Nikasema yangu, nimesoma! Akanijibu kwa upole kwamba matapeli wote husema hivyo. Kwa usalama wa bibi wa watu, akaunti imezuiwa. Na kesho afisa atakwenda kwenye ile anwani kumtazama bibi kama yu mzima.

Wananilinda nisijiibie!

Nikampigia wifi haraka. Akija mtu, mimi nimekwenda sokoni. Neno moja tu. Hata kuku angeweza.

Alhamisi, 6 Machi

Kuku angeweza. Wifi hakuweza.

Afisa kaja na tai, faili kwapani. Wifi akadhani ni mpelelezi. Kaulizwa niko wapi, kasema sokoni. Hapo vizuri. Afisa akasema atasubiri. Akakaa. Saa ya kwanza. Saa ya pili. Ya tatu wifi akakata shauri kwamba maiti hakamatwi, akasema nimekufa.

Nimekufa sokoni!

Eti alilia machozi ya kweli, afisa akampa leso. Majirani wakaja kumsaidia kulia. Nikamuuliza, wifi, angalau ulinisifu? Kasema aliwaambia nilikuwa mkali lakini mkarimu.

Hilo "mkali" lilikuwa la nini?

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya mwisho. Sijalala, sijala ila karanga. Mchana karani kampigia binti, ambaye jina lake liko kwenye faili kama mrithi. Kampa pole ya msiba. Binti kauliza kafa nani. Kisha akaniangalia. Akawasha video kwenye simu, akanielekezea usoni.

Karani akapiga yowe. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, umeona wapi maiti anatafuna karanga?"

Basi nikamweleza yote, kuanzia wifi hadi mkwe. Mkwe akaingia bafuni, akafunga mlango. Karani akainamisha kichwa mezani. Nilidhani analia. Anacheka! Akasema ipo fomu ya wanaoishi ugenini. Unaandika anwani ya huku, unaweka dole gumba, basi. Ipo siku zote!

Wino hatuna. Binti akatoa rangi ya mdomo. Dole gumba jekundu, picha, imekwenda. Saa kumi akaunti ikafunguliwa. Nililia kidogo. Niliwaambia ni vitunguu. Hapakuwa na kitunguu.

Karani kanisihi: "Bibi yangu, siku nyingine sema ukweli. Ukihama tu, utupe taarifa." Nikaapa.

Jumapili, 9 Machi

Nimekata tiketi. Kwa fedha yangu! Mwezi wa sita nakwenda nyumbani, nitakaa mpaka nichoke.

Binti kanikumbusha kuiarifu benki kwamba nahama. Nimsumbue tena yule msichana, na kazi zote alizo nazo? Anwani ya huku imeshakubaliwa, imetulia, haidai chakula. Ya nini kuigusa? Kwa benki, mimi niko huku nalea wajukuu. Wakipiga simu, mkwe atapokea kwa sauti yangu.

Leo tumefanya mazoezi jikoni. Sauti bado nene. Lakini kukohoa, anakohoa kama mimi kabisa.