Kuhusu Ngazi Mliyoiahidi Jikoni Kwangu

Ndugu Mchapishaji wa Vitabu vya Watoto,

Natumaini u mzima, na kama una presha, mpe mwenzako akusomee barua hii. Mimi ni muuguzi mstaafu. Naishi peke yangu katika mji wa kale, kwenye vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana, mmoja lazima arudi kinyumenyume. Nyumba yangu ina mlango wa kijani. Naam, huohuo! Umeuchapa kwenye majalada ya vitabu vyako vyote, ukaandika kwamba nyuma yake, jikoni, kuna ngazi inayoshuka hadi mji ulio chini ya mji, ambako paka wanazungumza na taa zinatembea zenyewe. Na mlangoni, ukasema, anakaa Bibi Sindano, mlinzi mkali asiyempitisha mtu.

Bibi Sindano ni mimi. Mwandishi wako ni mtoto wa dada yangu, niliyemlea tangu akitambaa, na hiyo ndiyo asante yangu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Watoto wanakuja. Wanagonga kabla ya shule, wanagonga baada ya shule, wanagonga nikiwa na povu la sabuni kichwani. Wanataka kushuka. Nikiwaambia hakuna ngazi wanakonyezana, kwa sababu kitabu chako kinasema Bibi Sindano siku zote hukana. Sasa mtu aliyeandikwa hivyo ajitetee vipi?

2. Kuna uongo wa kitaalamu. Bibi Sindano anachoma watu sindano ya sikio. Ya sikio, jamani! Nimeshika kazi hii tangu usichana mpaka mvi, sijamchoma mtu sikioni. Sindano huenda begani, au kwenye paja, au, kwa mtoto wa dada yangu aliyekuwa akirusha mateke, popote palipopatikana. Naomba mrekebishe.

3. Fundi bomba amegoma kuja kuziba bomba linalovuja chini ya sinki langu. Humsomea binti yake vitabu vyako, na anasema sakafu ile haigusi ng'o, yeye ana familia.

4. Ili kumaliza ubishi, niliibomoa sakafu mwenyewe mbele ya watoto, waone kwa macho yao. Wakanishikia tochi. Tukakuta mchanga, kijiko cha marehemu mume wangu, na yale maji yanayovuja. Wakashangilia! Wakasema huo ndio mto wa kitabu cha pili. Sasa jikoni kuna shimo, nami napikia sebuleni kama mgeni kwangu mwenyewe.

5. Nikaupaka mlango rangi ya kahawia ili nipumzike. Basi kinyozi wa ng'ambo ya kichochoro, mtu asiyesoma hata maandishi ya chupa za dawa zake za nywele, akaupaka wake kijani! Na joho kavaa, kama mlinzi wa kitabuni. Watoto wanapanga foleni kwake, anawaambia ngazi iko nyuma ya kioo, waketi wasubiri. Wakitoka, wamenyolewa.

Kwa hiyo ombi langu ni la haki kabisa. Ama mfute mlango wangu katika vitabu vyote, na watoto waliokwisha kusoma muwasahaulishe. Ama mlete ngazi. Mliichapa nyinyi, ni yenu. Shimo liko tayari, njooni mpime. Iwe na pa kushikilia, maana magoti yangu hayaaminiki. Mlete na paka mmoja wa kuzungumza, wa kuanzia, asiwe na majibu ya mkato. Nisipojibiwa nitakuja ofisini kwako na mkoba wangu wa kazi, na hapo utajua sindano huenda wapi.

Nisalimie wahariri, mpiga chapa, mlinzi wa getini, na mchoraji, ambaye umwambie pua yangu si ile. Mtoto wa dada yangu mwambie aje ale. Kwenye picha ya nyuma ya kitabu amekonda.

Ni mimi, mwenye hasira na heshima,
Muuguzi Mstaafu,
Mlango wa Kahawia (kwa sasa)

Tanbihi: Mtoto wa dada yangu kanipigia simu kabla sijaifunga bahasha, eti katika kitabu kijacho ngazi inahamia kwa kinyozi. Usithubutu! Maisha yangu yote ya kazi watoto walikuwa wakiniona wanakimbia, wengine wakitokea dirishani. Hawa walikuwa wananikimbilia mimi. Tangu nibadilishe rangi hakuna anayegonga, na nyumba imenyamaza mpaka naumia. Sikio nalo liache palepale, wanalipenda. Nimeshaupaka kijani tena. Waandikie, kwa herufi kubwa, kwamba mlango wa kweli ni ule ambao rangi yake haijakauka. Wakija nitawaambia hakuna ngazi, kama kawaida.