Kompyuta ya Boga Yapata Mfumo Mpya

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Kompyuta imeniaibisha tena. Nimeiwasha, nikaenda kununua mahamri, nikarudi, bado inajiwasha. Ilipofunguka ikanipa tangazo kwamba mfumo wake umepitwa na wakati na hautahudumiwa tena.

Elijah wa duka la mkabala ameona yote. Kijana wa bara, ana kompyuta mbili mpya na feni. Akaniuliza kwa huruma kama mgonjwa wangu ameamka. Nikasema ameamka. Uongo mtupu.

Jambo lenyewe ni kadi za harusi ya shemeji yangu Mbeyu. Mama mkwe ametangaza kuwa atapita Ukunda kulinganisha kazi yangu na ya Elijah. Mimi mkwe nina duka la kuchapisha, halafu kadi za harusi zikachapishwe kwa jirani? Nitauweka wapi uso wangu? Mke wangu Husna anasema niuweke palepale ulipo, nitengeneze mashine.

Fundi Abubakar anasema upo mfumo mwingine, Linux, mwepesi, unaofaa mashine kuukuu, tena wa bure. Neno hilo la mwisho limenituliza moyo.

Jumanne, 4 Novemba

Abubakar kaja na flashi. Akanionya nihamishe picha za wateja kwanza. Nilikwisha kuzihamisha, mimi si mjinga. Mfumo mpya ukaingia taratibu huku tukila muhogo wa kukaanga. Hakuna moshi, hakuna mlipuko.

Mwishoni mashine ikadai neno la siri. Abubakar akasema nichague neno nisiloweza kulisahau wala kuropoka mbele za watu, akaenda zake kuswali Alasiri. Nikafikiri. Jina langu, Boga? Elijah atalibahatisha mara moja. La Husna? Vilevile. Ni jina gani ambalo ulimi wangu hauwezi kulitoa hata niburutwe?

La mama mkwe!

Kwetu mkwe hatajwi jina. Tangu nioe sijalitamka, na hata hapa siliandiki. Lakini kwenye kioo linatokea kama vidoti tu, na kidoti si jina. Nimelipima jambo hili kidini na kimila, sikuona kosa. Nimefunga duka nikicheka peke yangu.

Jumatano, 5 Novemba

Mashine inafunguka kabla sukari haijayeyuka kwenye chai. Printa iligoma asubuhi, ikakubali baada ya kuzimwa na kuwashwa na kubembelezwa. Nimechora kadi ya mfano: maua mawili na mnazi mmoja.

Mama mkwe alifika na shangazi zake Husna. Nikatoa shikamoo nikitazama kibodi, kama inavyostahili. Akajibu marahaba mwanangu. Akaitazama kadi, akasema mnazi umepinda lakini unafanana na wa nyumbani kwake. Hapo Elijah akatoka mlangoni kwake, akamwamkia kwa jina. Jina lenyewe, kavu, kama anaita mtu waliyesoma naye! Nilitamani kuingia ndani ya printa. Mama mkwe akacheka tu, akasema watoto wa bara wasilaumiwe, hawakufundishwa.

Kisha akaamua. Kazi ni yangu, na kesho anakuja na akina mama kuzichukua kadi zote. Nikampungia Elijah mkono. Nina furaha isiyo na kifani.

Alhamisi, 6 Novemba

Mjomba Tsuma kapiga simu tangu alfajiri. Korosho zake zinaanguka, niende Kikoneni kumsaidia kuokota. Mjomba akiita, huulizi. Nikamwachia Husna duka, mashine ikiwa wazi, kadi ziko kwenye kioo, kazi yake kubonyeza tu. Nikamwambia asiizime.

Hakuizima. Ila sikujua kuwa mfumo mpya ukiachwa bila kuguswa hujifunga wenyewe na kudai neno la siri.

Nilikuwa nimeinama chini ya mkorosho simu ilipolia. Namba ya mama mkwe! Kumbe ni Husna, simu yake imeisha chaji. Akasema mashine imejifunga, akina mama wamejaa dukani, simu ameiweka kwa sauti na wote wananisikia, neno la siri ni lipi? Nikasema nitatuma ujumbe. Akaniuliza nitautuma wapi, ikiwa simu iliyopo ni ya mama.

Nikasema ni jina la mtu ninayemheshimu sana. Akajaribu la chifu. Akajaribu la imamu. Akajaribu la mjomba. Nikasema ni mwanamke. Husna akauliza, polepole, mwanamke gani. Nikasikia mashangazi wakivuta viti karibu na simu. Nikasema ni mwanamke wa heshima zake, tena Husna anamfahamu vizuri. Nilidhani natengeneza, kumbe naharibu.

Mama mkwe akaichukua simu. Akasema ikiadhiniwa Adhuhuri mashine haijafunguka, kazi inavuka barabara kwa Elijah. Na huyo mwanamke nimtaje sasa hivi, yeye yuko tayari kusikia. Nikaanza kurukaruka pale chini ya mkorosho. Mjomba alidhani nimeumwa na siafu.

Aliyeniokoa ni Elijah, na hilo linaniuma. Kelele zilimvuta, akaja kuuliza kuna nini. Alipoelezwa, akauliza Boga anamwogopa mwanamke gani mwingine hapa duniani, akamtazama mama mkwe, akalitamka jina lake, kavu vilevile. Husna akaliandika. Mashine ikafunguka. Nilisikia printa ikinguruma na mashangazi wakicheka mpaka simu ikakatika.

Ijumaa, 7 Novemba

Baada ya swala nimeitwa Msambweni kwa mama mkwe. Nilikaa mkekani, macho chini. Akasema kulitaja jina lake ni kosa, na kuligongagonga kwa vidole kila asubuhi ni kosa vilevile, hizo habari za vidoti nikawadanganye watoto. Hukumu: leso mpya na jogoo. Nikakubali.

Halafu akaniandalia wali wa nazi na samaki wa kupaka. Akasema kadi zimependeza, majirani wanamuuliza kazi hii ni ya nani, naye anawajibu ni ya mkwe wake. Nilikula mpaka nikashindwa kuinuka. Ni siku njema kuliko zote mwaka huu, na sioni haya kusema.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimempelekea Elijah mahamri. Shukrani ni ada. Akanishauri neno la siri liwe tarakimu tu. Tarakimu! Hizo si mtu yeyote anaweza kuzitaja?

Nimelibadilisha mwenyewe. Wazo lilinijia nikinyoa ndevu. Nimeweka jina la baba mkwe. Silitamki hata kwa kisu, na mwenyewe hana simu, hapendi mashine, Ukunda haji. Sijamwambia mtu, hata Husna, kwa usalama.

Jioni Husna kaniletea salamu. Baba yake ameziona kadi, zimemfurahisha, na Jumatatu anakuja kushinda dukani aone mashine inavyofanya kazi. Nimemwambia karibu sana. Mimi siku hiyo mjomba ananitaka tena Kikoneni, lakini si neno. Mashine nitaiacha wazi.