Malalamiko Kuhusu Nusu Yangu ya Kompyuta

Kwa Mwenyekiti Kailemia,
Muungano wa Wakulima wa Viazi wa Mlimani.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na Mama Winrose na ng'ombe wake mgonjwa. Huku ofisini tunapumua, ila kila mtu upande wake.

Utakumbuka kwamba matawi ya Meru na Embu yalipoungana, ofisi tuliiweka Chuka, katikati ya njia, ili pasiwe na mwenyeji. Kisha ikanunuliwa kompyuta moja. Mimi, katibu wa Kibirichia upande wa Meru, nimezoea ule mfumo wa madirisha tuliofunzwa chuoni. Bwana Mutugi, katibu wa Kanja kule Embu, anataka ule wa bure wenye picha ya ndege mnono. Wewe kwa hekima yako ukaamuru mifumo yote miwili iwekwe ndani ya mashine moja, anayeiwasha achague wake, na huo ukauita umoja. Tulikupigia makofi. Mimi nayataka yangu yarudi, kwa sababu zifuatazo.

1. Mashine ikiwaka, jina la mfumo wa Bwana Mutugi ndilo liko juu. Usipobonyeza haraka, inaingia huko yenyewe. Nikigeuka tu kuweka kikombe chini, nimeshahamia Embu. Nani aliamua hivyo, na katika kikao gani?

2. Fundi Kivuti alituambia anagawanya diski. Niliposikia kugawanya, nikamwita Mzee Muthamia wa kamati ya mashamba, naye akatoka Kibirichia na miche ya kupanda mpakani. Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Mzee hakucheka. Aliuliza jiwe la mpaka liko wapi, na hadi leo hajajibiwa. Diski ilikatwa nusu kwa nusu, ilhali sisi ni wengi kuliko wao na viazi vyetu ni vikubwa.

3. Bwana Mutugi akiwa upande wake anaona faili zangu zote. Mimi nikiwa upande wangu sioni hata moja yake. Kivuti anasema ndivyo mifumo hiyo ilivyo. Huu ni ujirani gani, mtu kufunua sufuria yako na yake ameifunga?

4. Hili ndilo limenitoa machozi. Mfumo wake ukizimwa unaiacha saa ya mashine nyuma kwa saa tatu, na wangu unaiamini. Ijumaa iliyopita ombi letu la mbegu safi lilipaswa kufika kwenye ghala la mbegu kabla ya saa sita mchana. Nilikuwa nimelimaliza Alhamisi, nikaliacha nilisome tena. Ijumaa asubuhi Bwana Mutugi alitangulia kwenye kompyuta, asiseme alikuwa akifanya nini. Mimi nilitoka shambani kwa wanachama, simu haina chaji, nikaketi, mashine ikaniambia ni saa nne na nusu. Tumbo lilisema chakula cha mchana kimepita, lakini mimi ni mtumishi wa ofisi, siwezi kuamini tumbo kuliko kompyuta. Nikatuma. Jibu likaja kwamba maombi yalifungwa saa sita.

Msimu uliopita ugonjwa ulimaliza viazi vya wanachama wangu. Wakikosa mbegu hizi watapanda zile zilizooza ndani, nami nitaketi nao kanisani kila Jumapili. Nina hasira, Mheshimiwa, na nina aibu.

5. Kwa hivyo naomba mfumo wake uondolewe. Ikishindikana, ukuta ujengwe katikati ya ofisi, upite juu ya meza na katikati ya kibodi, herufi zigawanywe kulingana na idadi ya watu. Birika la chai litafuata. Wenyeji wa Chuka nao wameanza kuuliza mfumo wao uko wapi, na sioni kosa lao.

Nasubiri uamuzi wako bila kukuharakisha, mradi uwe kesho. Nisalimie kamati yote, Mchungaji na wanakwaya. Watu wa Embu wasalimie pia, lakini baada yetu.

Wako mtiifu katika nusu yake,
Karwirwa,
Katibu, Tawi la Kibirichia.

N.B. Nilikuwa nalamba bahasha niifunge, ghala likapiga simu ya ofisi. Wanauliza kwa nini Kibirichia imeomba mara mbili. Ombi la kwanza liliingia Ijumaa asubuhi na wamelikubali. Kumbe Bwana Mutugi aliliona limelala kwenye faili zangu, akalituma kwa jina langu, bila kugusa hata koma. Mbegu zinakuja. Tafadhali usiondoe chochote. Itabidi nimwambie asante, na tangu Pasaka sijaitikia salamu yake hata moja.