Tume ya Mimba Zijazo

Wananchi wote wa Baraka, Swima na vilima vya Fizi wanajulishwa kwamba tumbo la mwanamke ni mali ya umma. Kuanzia leo hakuna kizazi kitakachofungwa bila kibali cha Tume ya Mimba Zijazo. Ndivyo alivyotangaza Président Wilfried, mkuu wa Tume hiyo, kwa kipaza sauti, na akajisikia vizuri sana.

Sababu ilikuwa nzito. Daktari Fabien alikuja na kamera nyembamba kama bua: tundu dogo penye kitovu, mirija inafungwa, na jioni ileile mama yuko kwake. Wilfried aliiona hatari mara moja. Jambo linaloisha upesi hivyo, Serikali italisimamia saa ngapi?

Wa kwanza kuitwa ni Adolphine wa Swima, mama wa watoto wanane. Uzazi wa mwisho nusura umuue. Mwingine, daktari alimwambia, utamuua kweli. Na daktari anaondoka leo.

"Bwana yako iko wapi?" Wilfried akauliza.

"Iko Lulimba, anachimba dhahabu. Yeye mwenyewe alisema niende."

"Hatukumusikia. Bwana akikosekana, Tume ndiyo bwana. Na Tume inakataa."

Adolphine alimtazama. Akamfungua mtoto mgongoni, akamweka juu ya magoti ya Président. "Sawa, bwana. Unga ya bugali imeisha, na batoto bengine bako nyumbani na njaa. Mi naenda kwa daktari."

Kwa mkosi, mkewe Wilfried, Solange, alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya ndagala, dagaa wa ziwani.

"Kumbe mi niko na mukemwenza," akasema taratibu.

"Hapana, mama. Mi siko bwana yake."

"Sasa unamukataza kama nani?"

Wilfried akatafuta kifungu cha sheria, asikione. Mtoto akamkojolea suruali. Tume ikaamua, kwa kauli moja ya mtu mmoja, kwamba haina mamlaka.

Solange akaweka sahani chini. "Adolphine, uningoje. Mi niko na saba. Banatosha."

Jioni wanawake wote wawili walirudi kwao polepole, kwa agizo la daktari: wiki nzima bila kunyanyua kitu kizito.

Asubuhi Président alikuwa ziwani na ndoo kichwani, maji yakimwagikia koti la cheo. Bamama walimpisha kwa heshima.

"Président, utakuya kila siku?"

"Wiki moja tu."

"Basi ujifunze muzuri," mmoja akasema. "Daktari akirudi tena, tutakutumia mabwana zetu, ubafundishe."