Karibu Nife

Jumatatu, 4 Machi

Mtu mzima, mwalimu wa chekechea, analilia mtu aliyechorwa kwa kalamu. Aibu. Nimemwambia hivyo mjukuu wangu leo asubuhi, uso kwa uso, simsemi mtu kisogoni. Amevunjika mguu, umefungwa plasta, na wiki ya pili sasa yuko kwenye kochi langu anatazama katuni za Kijapani. Yeye huziita anime. Kijana mwenye nywele kama ufagio ametobolewa kifua, damu ndoo nzima. Nikasema basi, buriani. Mjukuu akasema subiri, bibi, huyo ndiye mhusika mkuu, hafi. Nikasubiri. Hakufa. Macho yalinilowa. Vumbi la pazia.

Jumanne, 5 Machi

Nimetazama sehemu sita. Mchezo nimeshaujua. Kijana anaanguka, anafumba macho, anamwona marehemu mama yake kwenye bustani ya maua. Mama anamwambia rudi, siku zako bado. Huku nyuma kaka yake waliyekosana anakuja mbio, anampakata, anatoa yote aliyoyaficha moyoni. Ndipo kijana anafumbua macho. Kila mara. Hata daktari hahitajiki.

Nikamfikiria mdogo wangu. Miaka tisa hatusemezani, naye anakaa mtaa wa tatu kutoka hapa. Anasema nilibeba cherehani ya mama kabla udongo wa kaburi haujakauka. Mimi nasema hajui hata kutunga uzi kwenye sindano. Yote mawili kweli.

Nikamuuliza mjukuu, katika hadithi hizi bibi hufanya nini. Akasema bibi hufa sehemu ya kwanza, ili mhusika mkuu apate uchungu. Nimemnyima chai.

Jumatano, 6 Machi

Mpango: nife kidogo, aje. Nimeandika ujumbe kwa simu, mwenyewe, herufi kubwa: MDOGO WANGU KARIBU NIFE. Nikajilaza, mikono kifuani. Jibu likaja upesi: Asante dada, siku nyingine.

Mjukuu alicheka hadi plasta ikagonga meza. Ati nimemkaribisha. Ati ningeandika nusura. Mimi nimeishia darasa la nne, na darasa la nne hatukufundishwa kufa.

Lakini ameniita dada. Nimeusoma ujumbe ule mara kumi.

Alhamisi, 7 Machi

Leo nimelala sakafuni jikoni, nimejipaka unga usoni. Mjukuu kakataa kupiga simu. Anasema kifo hakitaniwi, kina masikio. Nikamwamuru fundi bomba aliyekuja kufunga koki. Mkweli mno yule. Akamwambia mdogo wangu kwamba mama yuko chini, ana unga, anasema amekufa nusu. Mdogo wangu akajibu: hiyo nusu iliyobaki initunzie cherehani.

Fundi akaniomba nisogeze miguu, nimezuia bomba.

Ijumaa, 8 Machi

Asubuhi nilikuwa nakula yai la kuchemsha, yule kijana akafa tena, nikamkemea inuka, mvivu we. Yai likanikaa kooni.

Sikuona bustani. Sikuona maua wala mama. Niliona mguu wa meza. Hewa haikuingia, haikutoka. Nikawaza jambo moja tu: atakuja kunizika, na mimi sitakuwepo kumwambia.

Mjukuu aliruka kwa mguu mmoja, akanipiga mgongoni mara nne. Yai likatoka. Tukakaa sakafuni tumeshikana. Kisha akampigia bibi yake mdogo, analia. Sikumkataza.

Jumamosi, 9 Machi

Amekuja. Ndara moja nyekundu, moja bluu, zote za mguu wa kushoto. Kwenye katuni anayekuja mbio ndiye anayetoa ya moyoni. Wangu alikaa ukingoni mwa kitanda, akanishika mkono, akasema dada, umekonda. Basi.

Nilikuwa nimepanga kumwambia chukua cherehani, mwenye kosa ni mimi. Maneno yakapanda, yakakaa pale pale lilipokaa yai. Nikamwambia ndara zake ni aibu mtaani. Akasema hata mama alitoka hivyo siku uliyougua surua.

Alipokuwa anaondoka alizungusha gurudumu la cherehani kwa kidole, mara moja. Halikulia. Nalitia mafuta kila mwezi. Aliona. Akaaga. Hakusema atarudi lini.

Jumapili, 10 Machi

Nimewaza sana. Mtu mwingine angembebesha fundi bomba cherehani, mtaa wa tatu tu, yakaisha. Lakini akishaipata, kwangu atafuata nini tena? Yai moja limemleta, akakaa saa moja na nusu. Mawili yatamfikisha jioni.

Mjukuu, zima hiyo katuni, inuka na huo mguu wako. Chemsha mayai mawili, yawe magumu. Kisha njoo ukae karibu na mgongo wangu.