Pikapu ya Kasmir Inapakwa kwa Ndani

Jumatatu, 4 Agosti
Nimeanza! Jane, binti yangu, amenitumia bodi la gari la rimoti: ganda tupu la plastiki, linaonyesha kama glasi. Nalipaka liwe pikapu ya marehemu mume wangu Kasmir. Jumapili ni jubilei ya parokia. Kuna meza ya kazi za mikono, na itakayopendeza kuliko zote inakaa kwenye kabati la vioo la ukumbini. Ukumbi ambao mawe yake yote aliyabeba Kasmir kutoka Pito, na leo hakuna anayemtaja. Ataingia kabatini, watake wasitake.
Jirani Tusajigwe, mstaafu kutoka Mbeya, naye anapaka ganda lake liwe basi. Kaniamkia shikamoo kwa sauti, Katandala nzima isikie. Tumepishana miaka minne.

Jumanne, 5 Agosti
Jane alisema kwenye simu nipake kwa ndani. Nikamjibu nimesiriba nyumba miaka hamsini, sijaona anayepaka chokaa chumbani ili apendeze barabarani. Nikapaka nje. Buluu, na mlango mmoja wa kijani, ule aliobadilisha baada ya kugonga ng'ombe Ilemba. Kazi safi!
Jioni nikakumbuka: alisema pia nikimaliza nibandue ngozi nyembamba ya nailoni iliyo juu. Nikabandua. Buluu ikatoka. Kijani kikatoka. Ng'ombe na ajali yake vikatoka. Nimebaki na ganda, kama lilivyozaliwa.
Tusajigwe alikuwa dirishani. Hakucheka. Alikohoa muda mrefu.

Alhamisi, 7 Agosti
Haya, ndani. Jane anasema maandishi kwanza, rangi kubwa baadaye. Nimetii, ashukuru. Kwenye paji la gari nimeandika AMUA, jina la pikapu. Shule sikwenda. Herufi alinifundisha Kasmir, na neno langu la kwanza kusoma maishani lilikuwa hilo, nimesimama mbele ya gari na ndoo kichwani.
Rangi imekauka. Nimeligeuza. AUMA.
Auma! Amuume nani? Tusajigwe kachungulia. "Bibi, kumbe gari lenyewe linauma? Nilete mnyororo?"
Nimemwambia aanze kwa kufunga mdomo wake.

Jumamosi, 9 Agosti
Buluu na mlango wa kijani nimeshapaka kwa ndani, AUMA imebaki AUMA. Ila nimepata akili! Nimetoa kioo cha chumbani. Gari linatazama kioo, watu linawapa kisogo. Ndani ya kioo panasomeka AMUA. Nimejipongeza, hakukuwa na mwingine karibu.

Jumapili, 10 Agosti
Kioo kimevuta umati. Akina mama wamefunga vilemba upya. Padri Mathias kajikagua meno. Gari halijatazamwa na mtu! Basi la Tusajigwe limenyooka mpaka linatia hasira, hata waipa kachora. Padri akalibeba kwenda kabatini. Nikaona giza.
Hapo akaja Beda, aliyekuwa utingo wa Kasmir. Hajui hata A. Akainama, akagusa mlango wa kijani, akakaa hivyo. Kisha akasema, "Mlango huu niliufunga mimi kwa kamba, siku tunaleta mawe ya ukumbi huu. Hii ni ya Kasmir."
Padri akarudi na basi mkononi. Tusajigwe mwenyewe akalipokea, kavua na kofia. Kasmir yuko rafu ya juu. Nilitoa machozi kidogo. Vumbi la rangi.

Jumanne, 12 Agosti
Kioo ndicho kilichoshinda, nimewaambia wote. Beda ameomba na yeye gari lenye jina lake. Tusajigwe kanipa ganda lake la akiba, akataka kunichorea herufi. Nimekataa. Siri ya ndani naijua sasa: unaanza na herufi ya mwisho. Nimeandika A, D, E, B. Nimeligeuza. BEDA, sawasawa! Ila B, E na D zimegeuka zimetupa mgongo. A peke yake ndiyo yenye adabu.
Si kitu. Nitampa na kioo.