Korido Imefungwa kwa Matengenezo

Imetangazwa rasmi, na kuchongwa kwenye bamba la shaba langoni mwa Kituo cha Wanafunzi cha chuo, kwamba Makumbusho ya Sanaa yaliyomo humo ni "nyumba ya mwanafunzi, iliyojengwa kwa ajili ya mwanafunzi, ambamo roho ya mwanafunzi hupata utulivu." Mkuu wa Chuo mwenyewe ndiye aliyeyasoma maneno hayo siku ya uzinduzi. Akakata utepe, akapigiwa makofi, akaondoka bila kuingia ndani.

Kwa miaka mitatu wanafunzi walimwiga.

Si kwamba walikipa Kituo kisogo! Kituo kilifurika tangu asubuhi. Kushoto palikuwa na kantini, televisheni ya ukutani na soketi kumi na mbili za kuchajia simu, ambazo watu walizigombea kama urithi wa marehemu. Kulia palikuwa na Makumbusho: picha sitini na nane, vinyago tisa, kiyoyozi, na Skafu.

Skafu ndiye aliyekuwa msimamizi. Jina alilopewa na wazazi lilikuwepo kwenye faili, lakini wanafunzi walimbatiza hili la Skafu kwa sababu ya kitambaa cha sufu alichozungusha shingoni hata siku ambazo lami ilikuwa inayeyuka. Alikinunua ng'ambo, alikokwenda kusomea sanaa. Alisoma wiki tatu, moja na nusu kati ya hizo akiwa kitandani na mafua. Lakini ukimsikiliza ungedhani huko walikuwa hawajui kushika brashi mpaka alipotua yeye!

"Mama, hawa watoto hawajui kutazama," alimwambia mlinzi. "Kule nilikosoma, mtu anasimama mbele ya picha moja saa nzima, machozi yanamtoka!"

"Labda alifiwa," alijibu Mama Mlangoni.

Huyu mama alikaa mlangoni na kidude cha kuhesabia, kile cha kubofya kwa dole gumba kila mwanafunzi anapoingia. Kazi ilimpendeza. Alikuwa amefuma fulana za wajukuu sita na kuanza ya saba.

Ndipo ikaja barua. Kamati ya Majengo ilisikitika kumjulisha Msimamizi kwamba endapo wastani wa wanafunzi hautafika mia moja kwa siku hadi mwisho wa muhula, ukumbi utapewa mashine za fotokopi, na yeye atarudishwa alikokuwa kabla ya ng'ambo. Yaani stoo ya viti.

Skafu aliisoma barua ile mara nne. Stoo ile alikaa miaka kumi na moja. Viti mia nne vya plastiki vilikuwa chini ya amri yake, na hata kimoja hakijawahi kumwita "bwana msimamizi".

Akaanza kupambana. Alibandika matangazo: NJOO UZUNGUMZE NA RANGI! Alikuja kijana mmoja.

"Karibu sana, kijana! Rangi gani inakuita?"

"Anko, humu kuna soketi?"

"Hakuna soketi. Kuna urithi wa binadamu!"

"Aa, basi," alisema kijana kwa huruma, kama anayempa pole mgonjwa, akatoka.

Mama Mlangoni alibofya. Moja.

Wazo lilimjia Skafu akiwa kantini, mbele ya kikombe cha chai, akiwatazama wanafunzi wakiinuka mmoja mmoja na kutokomea kwenye korido ya nyuma. Kila baada ya dakika mbili, mmoja. Walikuwa wanakwenda chooni. Mia, mia mbili, mia tano kwa siku! Umati wote ule ulikuwa unapita bure!

Sasa, vyoo vya Kituo vilifikiwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni korido ya kantini, iliyojulikana na kila mtu. Ya pili ni mlango wa nyuma wa Makumbusho, uliojulikana na Skafu na mende.

Kesho yake asubuhi mdomo wa korido ulikutwa umezibwa kwa ubao: IMEFUNGWA KWA MATENGENEZO. Chini yake palichorwa mshale mkubwa mwekundu kuelekea Makumbusho. Ndiyo kazi pekee ya sanaa aliyowahi kuitengeneza kwa mkono wake, na lazima tukubali kwamba ilieleweka na watazamaji wote.

Siku ya kwanza, mia sita na kumi na wawili!

Jumatano, siku ya maharage, mia tisa na arobaini!

"Bosi," alilalamika Mama Mlangoni, "dole gumba linavimba."

"Vumilia, mama. Tunaandika historia!"

"Na wanaorudi mara ya pili?"

"Wabofye tena! Mapenzi ya sanaa hayana kipimo."

Ripoti aliyompelekea Mkuu kila Ijumaa ilikuwa na kurasa sita na haikuwa na uongo hata mmoja. "Wanafunzi huingia kwa haraka na shauku," aliandika. "Wengi huja mara tatu kwa siku, hasa baada ya chakula. Nyuso zao wakiingia huonyesha mapambano ya ndani, na wakitoka huonyesha faraja."

Mkuu alisoma, akasisimka. Akawasomea wafadhili kwenye simu. Kisha akaileta Kamati yenyewe ione kwa macho yake, saa saba mchana, ikiongozwa na Mwenyekiti, mama mmoja makini mwenye miwani na daftari, aliyekuwa ametoka kunyweshwa chai vikombe vitatu ofisini kwa Mkuu.

Skafu aliwapokea kitambaa kikipepea. Na wanafunzi hawakumwangusha! Walikatiza mbele ya wageni kama wanakimbizwa.

"Tazameni kasi hiyo!" alisema Skafu. "Huyu hawezi kungoja hata sekunde!"

Mwenyekiti alimsimamisha binti mmoja aliyekuwa anarudi. "Binti yangu, unajisikiaje baada ya kupita humu?"

"Mwepesi, mama."

"Utarudi tena?"

"Jioni lazima."

Mwenyekiti akaandika. Skafu akavimba kama puto. Stoo ya viti aliiona ikididimia huko mbali, na viti vyake vyote. Lau wageni wangeaga pale, mtu huyu leo angekuwa profesa.

Lakini Mkuu wa Chuo alikuwa na dosari ya wakuu wengi: akifurahi, hutoa amri.

"Nimeguswa," alisema. "Ila naona wanapita mbio. Hawapati utulivu! Msimamizi, mlango ule wa nyuma ndio unawavuta watoke upesi. Tuufunge. Kundi hili lililomo ulieleze picha zote, dakika ishirini, nasi tusikilize."

"Mheshimiwa," alisema Skafu, "leo hata... labda kesho..."

"Usiwe na haya! Wewe umesoma ng'ambo."

Mkuu akaufunga mlango wa nyuma kwa komeo, akauegemea, akakunja mikono. Mwenyekiti akasimama mbele, karibu na mlango wa kuingilia, kalamu tayari. Katikati walibaki wanafunzi arobaini na haja zao.

Hakuna mhadhara uliowahi kusikilizwa kwa hisia kama ule. Dakika ya tano, wengine walikuwa wamepishanisha miguu. Dakika ya nane, mwanamichezo mmoja mwenye kifua cha kubebea magunia alikuwa ameegemea kinyago, macho kayafumba, midomo ikisema maneno yaliyofanana na sala.

"Na hapa," alisema Skafu, "tunaona mto..."

"Anko, usitutajie maji!"

"...maporomoko yake..."

"Anko, kwa heshima zote!"

Akaruka picha hiyo. Akaruka na ya mvua. Iliyofuata ilikuwa ya mwanamke aliyeketi dirishani. Binti mmoja, aliyekuwa amejikaza kisabuni tangu mwanzo, akaikodolea macho ili asahau shida yake. Akaikodolea sana. Halafu, taratibu, akaanza kuiangalia kweli.

"Samahani," aliuliza. "Huyu mama amelia, au ndiyo anataka kulia?"

Lilikuwa swali la kwanza juu ya sanaa kuulizwa ndani ya ukumbi ule tangu uzinduliwe. Skafu aliigeukia picha. Kwa miaka mitatu picha hiyo ilikuwa hatua kumi kutoka mezani kwake. Hakuwa amegundua kwamba mwanamke yule ana macho.

"Ni... rangi ya mafuta," alijibu. "Sentimita sitini kwa arobaini."

Binti alimtazama kwa namna ambayo hata viti havikuwahi kumtazama.

 Hapo Mwenyekiti alisogea mbele, daftari kalibana kwapani, miguu kaibana zaidi. Chai ya Mkuu ilikuwa imefika.

"Bwana Msimamizi," alinong'ona, "samahani. Msalani ni wapi?"

 Jibu la Skafu halikuhitajika. Mikono arobaini iliinuka kwa pamoja ikanyooshea mlango mmoja, ule aliouegemea Mkuu wa Chuo.

Mkuu alitazama mikono. Akageuka, akautazama mlango. Akatoa komeo, na ilimbidi ajibanze ukutani asikanyagwe. Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kupita. Mwanamichezo alimfuata kwa karibu sana.

Kutoka mlango wa mbele, Mama Mlangoni aliinua kidude chake.

"Bosi," aliita. "Na huyu mama wa Kamati, nilimbofya mara moja. Akirudi nimbofye tena?"

Skafu alirudishwa stoo siku hiyohiyo jioni, barua ikimshukuru kwa mchango wake. Mashine za fotokopi zilichelewa njiani, kwa hiyo Makumbusho yalibaki wazi wiki moja zaidi, korido ikiwa imefunguliwa na ubao umeondolewa. Wiki hiyo waliingia wanafunzi watatu. Wote watatu walikuwa wamesahau kwamba korido imefunguliwa.